Hesabu Nne za Mlango wa Kabati

Bibi alinyoosha mkono, lakini mwalimu akajifanya hamwoni.

"Mwalimu," Bibi akaita.

"Mama, tafadhali, nimalize mfano wa pili."

"Mwalimu hamwiti mwanafunzi Mama," fundi akadakia kutoka kwenye mkeka. "Na huyo anayeongea bila ruhusa atolewe nje."

"Wewe nyamaza. Hata darasa la tatu lenyewe ulilirudia," Bibi, mama yake, akamjibu.

Ilikuwa Jumapili alasiri, baada ya ibada na chakula, na sebule ya fundi rangi ilikuwa imegeuzwa darasa. Mlango wa kabati la nguo ulikuwa umeng'olewa na kuegemezwa ukutani. Fundi aliupaka upande wa nyuma rangi nyeusi isiyong'aa, akairudia mara mbili, ili mkewe apate ubao wa kufanyia mazoezi. Kwa wiki tatu nguo za nyumba nzima zilikuwa wazi kama bidhaa za dukani, na kila mgeni aliyepita alijua nani ana mashati mangapi. Wanafunzi walikuwa wanne: fundi mwenyewe, mama yake, binti yao wa miaka tisa, na mtoto wa mwaka mmoja ambaye wakati huo alikuwa anakula chaki.

Binti alikuwa mwingi wa maneno, akisikia jambo mara moja analirudia neno kwa neno. Majirani walimwita Chiriku, na mama yake hakuna aliyemwita vingine ila Mama Chiriku.

Mama Chiriku alikuwa na miaka thelathini na minane. Sekondari aliimaliza kwa madarasa ya jioni, mtoto mgongoni na daftari mapajani, na alipoingia chuo cha ualimu alikuta baadhi ya wahadhiri ni wadogo kwake. Sasa alikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, katika shule ileile na darasa lilelile alilosoma Chiriku. Mhadhiri wa kumpima alikuwa amekwisha kuja mara mbili. Mara ya kwanza aliandika kwamba sauti yake haifiki nyuma. Mara ya pili aliandika kwamba anauangalia ubao kuliko anavyowaangalia watoto. Ziara ya tatu ndiyo ya mwisho, na ingekuwa wiki hiyo, siku isiyojulikana. Akishindwa, anarudia mwaka mzima.

Na mwaka huo haukuwepo. Anayepika, anayefua, anayembeba mtoto mchana kutwa alikuwa Bibi, na Bibi alisema wazi tangu siku ya kwanza: "Mwaka mmoja nimekupa, mwanangu, kwa moyo mweupe. Wa pili sina. Magoti haya yamekwisha andika barua ya kuacha kazi." Alisema akicheka, lakini kila alipoinuka alishika ukuta, na wote walimwona.

"Haya, Mama, uliza," Mama Chiriku akasema.

Bibi alionyesha ubaoni kwa kidole. Palikuwa na hamsini na mbili kutoa ishirini na saba. "Huyu mbili hawezi kutoa saba. Akaenda kwa jirani yake tano, akakopa kumi. Sawa. Tano akabaki nne. Sasa jibu tumepata, mstari tumepiga, watu wanarudi kwao. Lile kumi limerudishwa lini?"

Fundi aliangua kicheko. "Mama, hizo ni hesabu, siyo watu."

"Kwa hiyo hesabu hazina adabu?"

"Hairudishwi, Mama," Mama Chiriku akasema. Alikuwa anatazama saa. Somo la dakika arobaini lilikuwa limekwisha kula dakika ishirini na tano, na bado mifano miwili. "Ndivyo inavyofanywa. Wewe fuata hatua tu."

"Nitafuata. Lakini mtu kama huyo mimi simkopeshi mara ya pili."

Chiriku hakucheka na wenzake. Alikuwa amekaa miguu imekunjwa, midomo inacheza bila sauti. Hesabu zilikuwa nne, na somo hilo alikuwa amelisikia mara sita.

*

Ofisi ya walimu ilikuwa na viti kumi na moja na walimu kumi na mmoja. Mwalimu wa mazoezi alikaa juu ya boksi la vitabu karibu na mlango, na kila aliyeingia alimwomba radhi kisha akamwekea daftari za kusahihisha. Kalamu nyekundu hakupewa. Kwa walimu wa mazoezi ilikuwa penseli, ili wakikosea ifutike.

Watoto nao walijua. Siku yake ya kwanza mmoja alimuuliza kwa heshima kabisa, "Shikamoo, eti wewe ni mwalimu wa kweli au wa kujifunzia?" Aliitikia marahaba, na swali likabaki hewani.

Mwalimu wa darasa, mwanamke mnene mwenye roho nzuri na miguu iliyochoka, alimwita Jumatatu mchana kwenye kona ya darasa wakati watoto wanakusanya madaftari.

"Shoga, nikuambie siri ya kazi," alisema taratibu. "Waambie watoto hivi: mgeni akikaa nyuma, kila swali wote wananyoosha mikono. Anayejua, mkono wa kulia. Asiyejua, wa kushoto. Wewe unachagua wa kulia tu. Mhadhiri anaona msitu wa mikono, anaandika darasa limechangamka. Mimi nilifaulu hivyo, na aliyenifundisha alifaulu hivyo."

Mama Chiriku aliinamisha kichwa. Jambo hilo lilimjaribu, si uongo. Aliuona mkono wa mhadhiri ukiandika.

"Nakushukuru, dada. Sitaweza."

"Kwa nini?"

"Jioni nikipiga magoti nitaanza vipi? Nitamwambia nini Mungu?"

"Mungu hajazi fomu," mwalimu wa darasa alisema, bila ubaya. "Hawa watoto sitini na nne, na kutoa kwa kukopa hawakukuelewa wiki iliyopita. Siku hiyo wakinyamaza, unaanguka. Mimi nakupenda, ndiyo maana nakuambia."

Wote wawili hawakumwona Chiriku aliyesimama nyuma yao na madaftari kifuani. Alikuwa anasubiri kuyaweka mezani. Aliyaweka polepole, akatoka nje, na njia nzima ya kurudi nyumbani siku hiyo hakusema neno. Fundi alimgusa paji la uso kuona kama ana homa.

*

Jumanne, wakati wa mapumziko, darasa la tatu halikucheza mpira. Karibu na mabomba ya maji Chiriku alichora mstatili mavumbini, mkubwa kama mlango wa kabati, akasimama mbele yake na kijiti.

"Mimi ni Mwalimu," alisema. "Ya kwanza, hamsini na mbili toa ishirini na saba."

"Hatujui," alisema msichana wa dawati la mbele, ambaye wenzake walimwita Spika kwa sababu hapakuwa na hoja darasani iliyopita bila yeye.

"Ishirini na tano. Semeni."

"Ishirini na tano."

"Ya pili ishirini na saba. Ya tatu thelathini na sita. Ya nne ishirini na sita. Semeni zote."

Walisema. Walisema mara ya pili wakiruka, mara ya tatu wakipiga makofi, mpaka ikawa kama wimbo.

"Kwa nini tunasema?" Spika akauliza.

Chiriku alishusha kijiti. "Mama akikosa, Bibi hawezi tena. Magoti yanamuuma."

Spika aliwageukia wenzake. "Mmesikia. Anayesahau, mimi simpi kifutio changu tena."

*

Mhadhiri alikuja Jumatano, kipindi cha tatu. Alikuwa mwanamume wa makamo, viatu vyeupe kwa vumbi la njiani, begi chini ya kwapa. Aliwasalimu watoto, akapita katikati ya madawati, akaketi nyuma kwenye dawati dogo ambalo magoti yake hayakuingia.

Kabla ya kengele Mama Chiriku alikuwa ameingia stoo ya majembe na kufunga mlango. Aliomba maneno machache, kwa sababu moyo ulikuwa unapiga kupita kiasi: "Bwana, unaijua nyumba yangu. Nisaidie leo. Lakini usinifaulishe kwa njia nitakayoionea aibu." Alipotoka alikuwa na utando wa buibui kwenye kitambaa cha kichwa, na mwalimu wa darasa akamtolea.

Alianza vizuri. Sauti ilifika nyuma. Aliwageukia watoto, kama alivyoagizwa, na mezani alipanga zana zake: vijiti vya ufagio ambavyo Bibi alivikata kwa kisu na kuvifunga kumi kumi kwa uzi mweusi. Andalio la somo lilisema vijiti vioneshwe kwa dakika tatu, kisha mifano ubaoni. Alivionyesha dakika tatu. Akaandika hamsini na mbili, akainua chaki kuandika namba ya chini.

"Ishirini na tano," darasa likasema.

Alidhani amesikia vibaya. Aliandika ishirini na saba, akapiga mstari. "Nani atatuambia tunaanza na..."

"Ishirini na tano!"

"Vizuri," akasema, na sauti ikamshuka. Alifuta, akaandika sitini na moja. Tu. Namba ya kutoa bado.

"Ishirini na saba," wakasema, na wachache wa dirishani, ambao hawakuweza kujizuia, wakaendelea: "Thelathini na sita. Ishirini na sita." Wawili wakapiga makofi.

Mhadhiri alifunika kalamu yake. Mlio wa kifuniko ulisikika mpaka ubaoni.

Alikuja mbele bila haraka. Hakuwa na hasira, na hilo lilimwumiza Mama Chiriku zaidi. Alikuwa na uchovu wa mtu aliyeona jambo hilo shule nyingi.

"Umewakaririsha," alisema kwa sauti ya chini.

"Hapana, mheshimiwa."

"Mwalimu. Umeandika sitini na moja. Hawajui unatoa ngapi, na jibu wanalo. Somo lililofanyiwa maigizo chuo hakilihesabu. Hilo unalijua."

Alilijua. Aliangalia darasa akitafuta pa kushika, na macho yake yakaangukia dawati la nne. Chiriku alikuwa ameinama, masikio yamemwiva, na midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti, kama Jumapili. Mama Chiriku alielewa yote kwa mara moja: mlango wa kabati, mifano minne, ukimya wa njiani. Angeweza kusema sentensi moja na kujiokoa. Sentensi ilikuwa mdomoni. Ingekuwa kweli tupu, tena ya kuapa. Na mbele ya watoto sitini na tatu na mgeni, binti yake angekuwa mwongo aliyemharibia mama.

"Hesabu hizi nilizifanyia mazoezi nyumbani kwangu," alisema. "Zimetoka nyumbani kwangu. Kosa ni langu."

Mwalimu wa darasa, aliyekuwa mlangoni, alifumba macho.

"Siyo," alisema Spika, akasimama bila kuruhusiwa. "Mwalimu hakutufundisha. Alitufundisha Chiriku, kule bombani. Bibi yake ana magoti."

Watoto wengine walitingisha vichwa kuthibitisha habari ya magoti. Chiriku alianza kulia bila sauti, mabega tu.

Mhadhiri alimtazama mtoto, akamtazama mama. Walifanana paji la uso. "Huyu ni wako?"

"Ni wangu."

"Ulijua?"

"Nimejua sasa hivi."

Alitazama saa yake. Mama Chiriku hakumwomba. Alikuwa amekwisha kuomba stoo.

"Zimebaki dakika kumi na tisa," mhadhiri akasema. "Nipe hiyo chaki." Alifuta ubao wote mwenyewe, akaandika themanini, na chini yake thelathini na tano. "Hii haijatoka nyumbani kwako. Fundisha." Akarudi kwenye lile dawati dogo.

*

"Jibu?" Mama Chiriku akauliza.

Spika akawahi: "Hamsini na tano." Na darasa lote, kwa furaha ya kuwa limeokolewa: "Hamsini na tano."

Aliliona kosa walilolifanya. Sifuri haikuweza kutoa tano, basi wao wakaigeuza, wakatoa sifuri kwenye tano. Aliishika chaki kueleza hatua: sifuri anakwenda kwa jirani, anakopa. Aliishusha chaki. Alisikia sauti ya Bibi kwenye mkeka ikiuliza kuhusu lile kumi, na kwa mara ya kwanza aliona kwamba hakumjibu. Si kwa sababu ya saa. Hakumjibu kwa sababu hakujua.

Alilifunga andalio la somo. Alichukua mafungu manane mezani, akayaweka kwenye dawati la Spika.

"Vingapi hivyo?"

"Themanini."

"Nipe vijiti vitano."

Spika alichukua fungu moja, akalitazama, akamnyooshea lote.

"Hivyo ni kumi. Mimi nataka vitano."

"Havitoki. Vimefungwa."

"Fanya unavyoweza."

Spika alivuta uzi. Mafundo ya Bibi hayakuwa ya mchezo. Watoto wa nyuma walisimama kuona, wa mbele wakasogea, na mwalimu hakuwaambia wakae. Spika aliuma uzi kwa meno, ukakatika, vijiti vikamwagika juu ya dawati.

"Sasa hesabu tena vyote. Vilivyofungwa na vilivyofunguliwa."

Walihesabu pamoja, kwa sauti. Mafungu saba, sabini. Sabini na moja, sabini na mbili. Walipofika mwisho Spika alikunja uso.

"Mbona bado ni themanini?"

"Kwani kuna aliyeleta kijiti?"

"Hakuna."

"Kuna aliyechukua?"

"Hakuna." Alivikusanya kwa viganja, akafikiri. "Basi hajakopa. Ni vyake mwenyewe. Amefungua tu."

Mama Chiriku aliegemea dawati. "Rudia," alisema. Darasa lilidhani anamsaidia Spika. Alikuwa anataka kusikia tena.

"Amefungua fungu lake mwenyewe, Mwalimu."

"Nipe vitano, basi. Na mafungu matatu."

Walibaki na manne na vijiti vitano. Hakuna aliyepiga makofi, walikuwa wanataka na wao kufungua. Walipewa. Dakika kumi za mwisho hazikuwa na utaratibu wa kuandikwa kokote: nyuzi zilikatwa kwa meno, vijiti viwili vilipotea, watoto wawili waligombania fungu. Chiriku alibaki amekaa peke yake mpaka mama yake alipopita na kumwekea fungu moja mbele. Baada ya muda naye akaanza kulifungua.

*

Baada ya kipindi mhadhiri alimwita chini ya dirisha la ofisi, kwa kuwa ndani hapakuwa na kiti cha ziada hata kwa mgeni.

"Nusu ya kwanza nimeipa sifuri," alisema. "Usinilaumu."

"Sikulaumu."

"Zana nzuri. Usimamizi wa darasa, dhaifu sana. Yule mtoto wa mbele atakuja kututawala sote." Aliandika kidogo. "Nikuulize. Hilo la kufungua fungu ulikuwa unalijua?"

Alikuwa na nafasi ya kusema ndiyo. Ni nani angepinga?

"Hapana. Nimelijua pale, mbele yako. Nyumbani niliulizwa, nikasema fuata hatua tu."

Mhadhiri alimtazama, kalamu imesimama juu ya karatasi. "Fomu haina mahali pa kuandika hilo," alisema, akaandika kitu kingine, akapiga jumla, akamgeuzia aone.

Mama Chiriku alisoma namba ile mara mbili, kama mtu anayesoma jina lake kwenye barua ya wengine. Hakutoa machozi. Aliomba ruhusa, akaenda stoo ya majembe, akakaa humo muda mfupi.

Jioni alitembea na binti yake. Shuleni walizoea kuachana hatua kumi, ili asionekane ana upendeleo. Walipopita geti Chiriku alibaki nyuma hatua zake kumi.

"Njoo," mama akasema.

"Unataka kunipiga?"

"Nikupige kwa lipi? Ulitaka kunisaidia. Ila ulinibebea kitu bila kuniuliza, na kilikuwa kizito, kikatuangukia wote wawili. Siku nyingine uniambie kwanza."

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo."

Chiriku alifuta pua kwa mkono wa sare. "Sasa hivi wewe ni Mwalimu au Mama?"

"Tumevuka geti. Ni Mama."

Mtoto alimshika mkono, na hapo ndipo maneno yote ya siku mbili yalipomtoka, mpaka mlangoni.

*

Fundi aliwaona wakiingia, akaona uso wa mkewe, akachukua bisibisi bila kuuliza akaanza kuupima mlango wa kabati kwenye bawaba. Bibi alikuwa kwenye mkeka, mtoto amelala mapajani.

"Uache huo mlango," alimwambia mwanawe. "Kwanza nijibiwe. Yule mkopaji alirudisha?"

Mama Chiriku alivua viatu, akaketi mkabala naye. Alitoa kwenye mkoba mafungu yaliyobaki. "Nisamehe, Mama. Siku ile sikukujibu kwa sababu sikujua. Hakukopa. Tazama." Akamwekea fungu moja kiganjani. "Lifungue."

Bibi alifungua fundo lake mwenyewe kwa kucha mbili, bila meno. Alihesabu. Alihesabu tena, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuamini haraka.

"Ah," alisema. "Si useme. Siku tatu nimemsema vibaya mtu wa watu." Kisha, akiwa bado anavitazama vijiti, akauliza kama anayeuliza habari za mvua: "Na yule mgeni wenu, kakupa ngapi?"

"Hamsini na mbili."

"Na chuo kinataka ngapi?"

"Hamsini."

Fundi alishusha bisibisi. Chiriku alifungua mdomo, na baba yake akamziba kwa kiganja chenye rangi. Bibi aliweka mafungu matano upande mmoja na vijiti viwili pembeni. Akayasogeza yale matano kwa mkono wote, kama anayefagia meza, vikabaki vile vijiti viwili peke yake juu ya mkeka.

"Umezidisha mbili," alisema. "Na hapa, mwanangu, hapakuwa na haja ya kufungua fungu."